Daftari Lililozikwa Chini ya Ghala

Kijiji chetu kiko Dedza, chini ya mlima. Viazi vinalimwa bondeni, na barabara ya malori iko juu. Kwa hiyo kila asubuhi sisi wanawake tunapanda kilima na vikapu kichwani. Mwezi wa sita baridi inauma masikio, lakini ukifika juu umeshalowa jasho.

Dada yangu Madalo alikuwa akipanda nasi. Ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu huyo ni dada tu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ni mtu wa kunyamaza, lakini yeye aliweza kumsimamisha dereva yeyote.

"Kaka, shuka!" aliwaita. "Viazi hivi havihitaji kuni. Vinaiva kwa kuangaliwa!"

Dereva alicheka, akashuka, akanunua. Tena alinunua na vyangu, kwa sababu Madalo hakuuza vyake kabla vya wenzake havijapungua.

Kilima ndicho kilichomshinda. Njiani alikaa mara tatu. Mara ya kwanza kwenye jiwe, mara ya pili kwenye kisiki, mara ya tatu popote.

"Haya, malkia ameketi," alisema jirani yetu Falesi. "Tumletee na kiti?"

"Lete na chai," Madalo alijibu huku akihema. "Ya maziwa."

Wote walicheka.

"Cheka tu," alisema Falesi. "Baada ya wiki tatu unakuwa mke wa mtu. Kwa kina Fanizo nako kuna kilima, na mama mkwe hana chai ya malkia."

Madalo alicheka pamoja nao. Lakini mimi niliona mkono wake. Alikuwa ameuweka kifuani, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

Fanizo alikuwa mchumba wake, fundi seremala wa kijiji cha pili. Siku ya kuku ilikuwa imeshapangwa. Kwetu ndoa inafungwa kwa kuku. Upande wa mwanamume unaleta jogoo, upande wa mwanamke unatoa mtetea, na wajomba wanabadilishana mbele ya watu. Mjomba anayekusemea siku hiyo anaitwa nkhoswe. Kazi yake haiishi siku hiyo. Mkigombana, mnakwenda kwake. Nyumba yenu ikitetereka, yeye ndiye anayeitwa.

Nkhoswe wa Madalo alikuwa Mjomba Biziweki, kaka wa mama zetu.

Mjomba alimpenda Madalo sana. Madalo alipokuwa na miaka kumi na mitano, shingo yake ilivimba matezi. Jioni alipata homa, na usiku shuka lilitota jasho. Mjomba ndiye aliyempakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka barabarani. Hospitali kubwa walisema ni saratani ya matezi. Wakasema pia kwamba inatibika.

Madalo alitibiwa miezi minane. Alilazwa wodi ya watoto. Ukutani walichora sungura na vipepeo. Kitanda kilikuwa kifupi, miguu yake ilining'inia nje. Alitapika, akanyonyoka nywele, na bado aliwafundisha watoto wadogo kuhesabu kwa punje za mahindi. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyekataa sindano mpaka Madalo amwimbie. Basi Madalo alimwimbia, huku na yeye ana sindano yake mkononi.

Alipona. Akarudi nyumbani.

Kwetu kila mtu anakaa na daftari lake la hospitali. Ukiumwa unakwenda nalo, na daktari anaandika humo ugonjwa na dawa. La Madalo lilikuwa limejaa. Siku aliyorudi, Mjomba alilichukua.

"Ugonjwa huu umekwisha," alisema. "Daftari likikaa ndani ya nyumba, ugonjwa unaijua njia ya kurudi. Tena kesho akija mchumba akalisoma, je?"

Hatukuliona tena. Madalo aliambiwa limepotea. Nami nilijua lilipo, maana nilimwona Mjomba na jembe. Lakini nilikuwa mtoto, na nilikuwa mtu wa kunyamaza.

Miaka miwili ya kwanza Madalo alirudi hospitali kupimwa. Kisha wakamwambia, "Sasa umekua. Nenda jengo la watu wazima." Akaenda. Alikaa kwenye benchi katikati ya wazee. Babu mmoja akamuuliza, "Umemleta nani, mjukuu wangu?"

"Nimejileta mwenyewe, babu."

Babu akamwonea huruma, akampa ndizi.

"Sikurudi tena," Madalo aliniambia. "Kwa watoto nilikuwa bibi. Kwa wazee nilikuwa mjukuu. Benchi langu sikuliona."

*

Jumanne moja Mama Nambewe alikuja kijijini. Yeye ni mhudumu wa afya. Anakuja kwa baiskeli na mizani ya kupimia watoto. Alitukuta kilimani, Madalo amekaa kwenye kisiki.

"Mwanangu, una mimba?" aliuliza taratibu.

"Hapana, mama. Nina uvivu. Muulize Falesi."

Mama Nambewe hakucheka. Aliegesha baiskeli, akamshika kiganja, akahesabu mapigo huku akiitazama saa yake.

"Uvivu haupigi mbio namna hii," alisema. "Miguu inavimba?"

"Jioni."

"Ulishawahi kuugua sana?"

Madalo alinitazama, kisha akatazama chini. Alimweleza yote, mpaka ile dawa nyekundu iliyoingia mshipani tone kwa tone.

"Dawa nyekundu," alisema Mama Nambewe. "Nayo haikuandikwa mahali?"

"Iliandikwa kwenye daftari. Daftari limepotea."

"Sikiliza. Mimi si daktari, siwezi kukupa jibu lote. Lakini tulifundishwa hivi. Dawa hiyo inaua saratani, na imewaponya wengi. Kwa baadhi ya watu inauchosha moyo. Wakati mwingine uchovu hauonekani mwaka ule, unakuja baada ya miaka. Aliyeipata inafaa apimwe moyo, hasa mwanamke anayetaka kuzaa. Mimba ni kilima kirefu kuliko hiki."

Madalo alisema kwa sauti ndogo, "Mama, hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Sijui kama nitazaa. Sijui kama moyo utaweza. Na Fanizo hajui lolote. Mjomba amenikataza kusema."

"Basi tuanze na Mjomba," alisema Mama Nambewe. "Hospitali wana mafaili yao, lakini faili la miaka saba iliyopita linaweza kutafutwa mwezi mzima. Daftari lingetuokolea muda."

*

Mjomba alikuwa uani anakoroga udongo wa kuziba nyufa za ghala la mahindi. Bibi alikuwa juani anachambua maharage. Mama Nambewe alipiga magoti, akasalimia, akaeleza neno alilokuja nalo.

Mjomba hakuinua kichwa. "Mtoto huyu alipona. Mnataka kumfufulia ugonjwa ili harusi ivunjike?"

"Hakuna anayefufua, baba. Tunataka kuangalia dawa ziliacha nini."

"Mimi ndiye ninayemsemea. Nimesema amepona. Basi."

Hapo Madalo alipiga magoti mbele yake.

"Mjomba, ulinisemea nilipokuwa mtoto, nami ni mzima leo kwa sababu yako. Baiskeli ile sitaisahau. Lakini sasa ninayehema ni mimi. Wewe unasema nimepona, na mimi kila nikipanda kilima moyo unanipiga kama mchi kwenye kinu. Nifanye nini na neno lako?"

Mjomba aliendelea kukoroga udongo uliokwisha kukorogeka.

Bibi aliacha maharage. "Biziweki."

"Mama."

"Nkhoswe anaitwa lini?"

"Nyumba inapowaka moto, mama."

"Ukimpa Fanizo mtetea huku umeficha anachoumwa, kisha mtoto azimie kwenye kilima cha watu, nani ataitwa?"

"Mimi."

"Utauzima vipi moto uliouwasha mwenyewe?"

Kuku alikuja akadonoa udongo wa Mjomba, naye hakumfukuza.

Sijui nilipata wapi sauti. Nilisema, "Liko chini ya ghala. Mguu wa upande wa jiko."

Wote walinigeukia. Nilitamani kuingia chini ya ghala na mimi.

"Kumbe na huyu ana mdomo!" alisema Bibi.

Mjomba alinitazama kwa muda. Nilingoja kofi. Badala yake alisimama, akaingia ndani, akatoka na jembe.

Alichimba mwenyewe. Mkebe wa maziwa ya unga ulitoka umeshika kutu. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na mchwa walikuwa wameingia. Kurasa za mwanzo zilikuwa vumbi. Jina la Madalo lilikuwa limeliwa, limebaki "dalo." Mjomba aliona, akaweka jembe chini.

"Nilitaka kuuzika ugonjwa," alisema. "Nimemzikia mtoto jina lake."

Mama Nambewe alipuliza vumbi, akafunua polepole kama anayefunua jani la ndizi. Katikati kurasa sita zilikuwa nzima. Humo mlikuwa na majina ya dawa, kiasi chake na tarehe zake.

"Mchwa wametuonea huruma," alisema. "Alhamisi twende."

*

Tulikwenda hospitali wanne. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyesuka nywele. Alimtazama Mjomba, akauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula vizuri," alijibu Mjomba. "Analala vizuri. Hana shida."

Madalo hata hakuwa amefungua kinywa.

Daktari alitabasamu. "Asante, baba. Sasa nitaongea na Madalo peke yake. Ni mtu mzima."

Mjomba alitoka nje na kofia yake mkononi, Mama Nambewe akamfuata. Mimi nilibaki kwa sababu Madalo alinishika mkono na kusema, "Huyu abaki."

Daktari hakuanza na moyo. Aliuliza kama Madalo alirudi shule baada ya matibabu. Aliuliza kazi yake, usingizi wake, na kama ana mchumba. Aliuliza hata hofu yake.

"Kila nikikohoa nadhani imerudi," alisema Madalo. Kisha akalia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya ugonjwa ule. Alikuwa akiificha hofu hiyo nyuma ya utani wa chai ya maziwa.

"Hofu hiyo wanayo wengi waliopona," alisema daktari. "Si upungufu wa imani wala ujinga. Ukiona tezi limevimba na haliishi, au homa ya jioni, au unakonda bila sababu, njoo usingoje tarehe. Kikohozi cha siku mbili ni kikohozi tu."

Walimpaka mafuta baridi kifuani, wakaweka kifaa. Kwenye kioo cha mashine tuliona kitu kinafunguka na kujifunga.

"Kile ni mimi?" aliuliza Madalo.

"Ni moyo wako."

"Maskini. Unafanya kazi kama punda, na mimi sikuwahi kuusalimia."

Daktari alicheka mpaka akasimamisha mashine.

Matokeo yalikuwa hivi. Moyo ulikuwa umechoka kidogo. Haukuwa umeharibika. Alipewa vidonge vya kila siku. Aliambiwa apunguze chumvi, atembee kila siku polepole, na aache kubeba mzigo mzito kilimani.

"Na watoto?" Madalo aliuliza. Mkono wake ulibana wangu.

"Wanawake wengi waliopata dawa kama zako wanazaa," alisema daktari. "Kwako siwezi kuapa, siwezi kumwapia mwanamke yeyote. Lakini usishike mimba sasa. Tutumie uzazi wa mpango kwanza, moyo upate nguvu. Mkiwa tayari, njooni wawili kabla ya mimba, tuupime tena. Ukishika mimba tutakuangalia kwa karibu, daktari wa moyo na wakunga pamoja. Na utajifungulia hospitali."

Kisha alichukua karatasi moja akaandika kwa maneno yanayosomeka. Aliandika Madalo aliugua nini, alipata dawa gani na kiasi gani, nini kipimwe kila mwaka, na dalili za kuangalia. Hata mimi niliyeishia darasa la sita niliisoma yote.

"Toeni nakala," alisema. "Moja kwako, moja kituo cha afya, moja kwa mtu unayemwamini. Na Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, vijana waliopona wanakutana hapa. Wa miaka kumi na mitano mpaka thelathini."

"Kuna benchi?" aliuliza Madalo.

"Kuna benchi. Kwa nini?"

"Basi tu. Nimelitafuta siku nyingi."

*

Kesho yake Madalo alikwenda kwa Fanizo. Alinichukua mimi. Fanizo alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, na maranda ya mbao yalimjaa miguuni.

Madalo alimweleza yote akiwa amesimama. Hakupunguza neno. Mwisho akampa ile karatasi.

Fanizo aliisoma mara mbili. "Miaka miwili tunajuana," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Niliambiwa ninyamaze. Nami nikakubali. Hilo ni kosa langu, sio la Mjomba peke yake."

"Na watoto?"

"Huenda. Kwa mpango, na kwa kungoja. Siwezi kukuahidi kitu ambacho daktari hakuniahidi."

Fanizo alirudi kwenye ubao wake. "Acha nifikiri," alisema.

Tulirudi nyumbani. Siku nne Fanizo hakuja wala hakutuma neno. Falesi alianza kuuliza kama mtetea wetu tumpike supu. Madalo alimeza vidonge vyake asubuhi, akatembea mpaka mtoni na kurudi, akauza viazi. Nilimuuliza kama anajuta.

"Nahuzunika," alisema. "Sijuti. Ninahema vizuri kuliko juzi, na si kwa sababu ya vidonge tu."

Siku ya kuku ilifika. Tulipika togwa, tukafagia uwanja, tukatandika mikeka. Jua lilipanda. Mama mkubwa aliingia jikoni mara kumi bila kuchukua kitu. Kisha tukasikia jogoo anawika njiani, kwapani mwa mtu.

Walikuwa wamekuja wote. Nkhoswe wao, mzee mwembamba, aliketi akasema, "Jogoo wetu hali wala halali. Kila siku anawika akielekea uwanja huu. Tumesikia kuna mtetea."

"Yupo," alisema Mjomba Biziweki. Alisimama. "Lakini kabla sijamtoa, nina neno. Mwenyewe ameniruhusu kulisema. Mtetea wetu aliugua akiwa mdogo. Tulimtibu, akapona. Mimi nilificha habari hiyo, na nilikosea. Sasa kila mwaka anakwenda kupimwa, na mzigo mzito habebi. Anayemchukua, amchukue na kazi hiyo. Asiyeweza, togwa ipo, anywe aende kwa amani."

Nkhoswe wao alimgeukia Fanizo. Fanizo alitingisha kichwa kukubali.

"Sisi nasi tusifiche," alisema mzee. "Jogoo wetu anakoroma. Tena sahani hajawahi kuosha."

Watu waliangua kicheko. Wajomba wakabadilishana kuku.

Baadaye Madalo alimuuliza Fanizo, "Siku nne ulikuwa wapi?"

"Njoo uone," alisema.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mkokoteni mpya wa mbao, gurudumu moja, mikono miwili mirefu. "Sijui kuongea kama wewe," alisema Fanizo. "Ulisema kilima. Nikafikiria kilima."

*

Mwaka umepita. Madalo sasa yuko kwa kina Fanizo, lakini asubuhi bado anapanda nasi. Mkokoteni ule sasa unabeba viazi vya wanawake sita. Falesi ndiye anayeusukuma, na anapiga kelele watu wampishe. Kwenye kisiki tunapumzika wote, na hakuna anayeitwa malkia, isipokuwa Madalo mwenyewe akidai chai.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi Madalo anakwenda kwenye benchi lake. Anakaa na wale wanaotoka wodi ya watoto, ambao miguu yao imeanza kuning'inia kitandani. Anawauliza swali moja kwanza: "Daftari lako liko wapi?" Lake jipya linaning'inia kwenye msumari mlangoni, ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiingia kwao unaliona kabla hujamwona mwenye nyumba.

Juma lililopita tulikwenda naye kupimwa tena, Fanizo, Mjomba na mimi. Moyo umepata nguvu. Madalo na Fanizo walikuwa na swali la kumuuliza daktari, lile la kwenda wawili kabla ya mimba, na walikuwa wamelijadili njia nzima.

Siku hiyo alikuwapo daktari mwingine, mzee, asiyetujua. Alifungua daftari, akamtazama Mjomba kwa sababu ndiye mwenye mvi.

"Haya, mzee. Binti anaendeleaje?"

Mjomba alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga. Akavua kofia, akasogea pembeni ya benchi.

"Mimi nilimsemea siku ya kuku," alisema. "Moyo ni wake. Muulize mwenyewe."